Kisanduku Kimoja kwa Kila Mstari

Mikdad Majid alikuwa na ugomvi na visanduku. Si vya mbao wala vya bati, bali vile vidogo vya kwenye kurasa za mtandaoni, unavyovigusa kwa kidole vikaweka tiki. Kwa maoni yake dunia ilikuwa na visanduku vingi mno, na wote walioviweka walikuwa wajinga. Asubuhi hiyo alikuwa amekaa kwenye kiti cha mama yake, katika nyumba ya mama yake ya mtaa wa Dunda, anakunywa chai ya mama yake, na anamweleza mkewe habari za ujinga huo kwa sauti ya mtu aliyeonewa.

"Ona hapa," alisema, akaigeuza kompyuta upande wa Wijdan. "Soko la samaki lina vizimba. Kila kizimba kwenye jedwali ni mstari mmoja. Fundi mshamba atakaa aandike mstari baada ya mstari, kila mmoja na amri zake, mpaka ukurasa unakuwa mzito hausogei. Mimi naandika mara moja tu. Natangaza: huu ni mstari, na hiki ni kisanduku chake. Siiambii mashine ifanye nini, naiambia kitu ni nini. Kurudia mpaka mwisho wa jedwali ni kazi yake. Hicho ndicho kiolezo safi cha HTML, lugha ya kuandikia kurasa. Hapa Bagamoyo sidhani kama kuna mwingine anayeijua."

"Na hicho kisanduku kinasema nini?" Wijdan aliuliza. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, na macho yake yalikuwa kwenye mchele.

"Hayupo."

"Nani hayupo?"

"Mwenye kizimba. Mwenyekiti wa soko anapita asubuhi na kishikwambi. Akimkuta mtu anafanya kazi, anaacha. Asipomkuta, tiki. Tiki zikizidi kiwango, mstari unaiva. Halafu juu kabisa ya jedwali kuna kisanduku kikubwa. Ukikigusa hicho, mistari yote iliyoiva inateuliwa kwa mpigo mmoja. Unathibitisha, watoro wametoka, vizimba wanapewa watu wa maana."

"Na mwenye udhuru? Mgonjwa, au aliyefiwa, anawekwa wapi?"

Mikdad alicheka kwa pua. "Kisanduku ni kimoja, Wijdan. Yupo au hayupo. Nikiweka cha mgonjwa, kesho watataka cha harusi, keshokutwa cha unyago. Jedwali litakuwa uchafu mtupu."

Wijdan alitoa chuya mbili tatu, akaziweka pembeni. "Sioni majina."

"Nimeyaficha. Jina la mtu wa huku linaanza asubuhi linakwisha adhuhuri. Fulani binti fulani bin fulani, kwenye simu linakula nafasi yote. Namba ya kizimba inatosha." Akashuka chini ya ukurasa, penye masharti, akayasoma kwa fahari kama mtu anayesoma hati ya nyumba yake. Anayeruhusiwa kukaa kizimbani badala ya mwenyewe alikuwa mwenza wake au mtoto wa kuzaa, basi.

"Na mkwe?"

"Ukiingiza mkwe umeingiza wilaya nzima. Huku kila mtu ni shangazi wa mtu."

Aliyekuwa anasikia yote hayo alikuwa Bi Mwaija, mama yake Mikdad, aliyekuwa chumba cha ndani amekaa eda. Mumewe, mzee Majid, alikuwa amefariki miezi miwili nyuma, na kwa watu wa pale mjane anatulia ndani miezi minne na siku kumi, hatoki, hajipambi, hapokei mwanamume asiye maharimu wake. Bi Mwaija alikuwa mkaanga samaki. Kizimba chake kilikuwa pale pale sokoni, na kwa muda wote huo karai lake lilikuwa limefunikwa kifudifudi na jiko halina moto.

Wijdan alikuwa amejitolea kwenda kukaanga tangu juma la kwanza baada ya hitima. Mikdad alikataa. Alisema mke wake hatakaa juani ananuka vibua. Yeye mwenyewe kwenda, hilo halikutajwa hata kwa mzaha. Ukoo wa baba yake ulitoka Omani zamani, ukauza vitambaa, na ingawa duka lilikufa kabla Mikdad hajaota ndevu na vitambaa vya mwisho viliishia kuwa mapazia ya nyumba hiyo hiyo, yeye alibaki na mabega ya mwenye duka. Shule yake yote, kutoka ya msingi mpaka chuo cha Dar, ilitoka ndani ya karai la mama yake. Huko Dar alipoulizwa mama anafanya nini, alijibu kwamba yumo katika biashara ya vyakula vya baharini.

Uzinduzi wa mfumo ulifanyika sokoni penyewe, chini ya turubai. Televisheni iliazimwa kwenye banda la kuonyeshea mpira, na bado ilikuwa na stika ya timu pembeni. Walikuwepo wajumbe wa kamati wamekaa kwenye viti vya plastiki, wakaanga samaki wamesimama nyuma na kanga zao kiunoni, na Walid, mwenye kampuni ya Dar iliyopata tenda ya mfumo huo, amevaa viatu vyenye ncha na miwani ya jua aliyoipandisha kichwani ambako haikumsaidia kitu.

Mwenyekiti wa soko, Bwanausi, alifungua kwa hotuba. Alikuwa mtu mwenye tumbo la mbele na maneno ya nyuma nyuma, anayeanza sentensi kwa "kimsingi" na kuimaliza palepale. Alisema kimsingi soko sasa limeingia kwenye dunia. Alisema kimsingi utoro utakwisha. Kisha akamkaribisha injinia, kijana wetu, mtoto wa hapahapa.

Mikdad alisimama. Alieleza habari za mstari na kisanduku kwa maneno ambayo alijua fika hakuna atakayeyaelewa, na kila alipoona mtu hajaelewa alizidi kunoga. Alionyesha jedwali lenye namba tupu, jeupe, safi, mistari yake imepangana sawasawa. Akasema sasa anawaonyesha kazi yenyewe, si majaribio, kwa tiki ambazo mwenyekiti alikuwa anaziweka tangu mwezi uliopita, na akasogeza kidole kwenye kisanduku kile kikubwa cha juu.

Kutoka nyuma, mkaanga mmoja mtu mzima aitwaye Esha alinyoosha mkono. Kizimba chake kilipakana na cha Bi Mwaija, na alimjua Mikdad tangu anatambaa. "Mwanangu, hebu subiri kwanza. Kabla hujagusa hapo..."

"Maswali mwisho, mama," Mikdad alisema bila kumtazama.

"Si swali, baba. Nataka kukwambia kuhusu kumi na tisa."

"Mama, tafadhali. Kuna wageni."

Akagusa. Mistari sita ikageuka rangi mara moja, na viti vya mbele vikatoa mguno wa kupendezwa. Akabonyeza kuthibitisha. Mistari sita ikafutika, jedwali likajisogeza na kuziba pengo, na hapo ungedhani haijawahi kuwepo. Walid alikuwa wa kwanza kupiga makofi, kamati ikamfuata. Huko nyuma hakuna aliyepiga.

Watu walipotawanyika kwenye soda, Esha alimfuata. Hakuwa amekasirika, alikuwa amechoka tu, kama mtu aliyeita gari likampita.

"Sasa ndio umemtoa Mwaija," alisema.

"Mwaija gani?"

"Kwani mama yako ana majina mangapi?"

Mikdad alitazama televisheni. Ilikuwa imeshazimwa. Soko zima, kuanzia wachuuzi wa ngisi mpaka wauza barafu, lilijua kwamba kizimba namba kumi na tisa ni cha Bi Mwaija. Aliyekuwa hajui ni yeye peke yake, kwa sababu tangu alipopata akili ya kuona haya hakuwahi kukikaribia kiasi cha kuisoma namba.

Nyumbani alimpigia simu Walid, akazungukazunguka sebuleni na simu sikioni. Wijdan alikuwa mlangoni pa jikoni. Mlango wa chumba cha ndani ulikuwa wazi kidogo.

"Kaka Walid, kuna mstari mmoja tu nataka kuurudisha. Kazi ya dakika moja. Nikiingia naona nywila yangu inakataa."

"Imefungwa. Si umeshakabidhi kazi? Ndio utaratibu."

"Basi nirudishie wewe."

"Mikdad, sikia." Sauti ya Walid ilikuwa ya mtu anayekula. "Siku ile ulisimama ofisini kwangu ukaniambia mfumo mzuri haurudi nyuma. Ukaniambia kitufe cha kutengua ni cha watu wasiojiamini. Mimi nikakulipa kwa maneno hayo. Leo siku ya kwanza unataka nitengue? Ijumaa naleta watu wa Mapinga, wanajenga soko jipya na wanataka mfumo kama huu. Hiyo ni kazi yako nyingine hiyo, kama hutaiharibu." Akameza. "Kwani mwenye huo mstari ni nani kwako?"

Mikdad aliona Wijdan anamtazama. Aliona pia mwanya wa mlango wa mama yake. Akageukia ukutani.

"Mama mmoja wa hapa jirani," alisema.

"Basi mwambie afuate pingamizi. Si uliweka kipengele cha pingamizi?"

Alipokata simu, Wijdan alikuwa ameshageuka kurudi jikoni. Chumba cha ndani kilikuwa kimya, na Mikdad alijitia kuamini kwamba mama yake alikuwa amelala.

Kesho yake alikwenda ofisini kwa Bwanausi. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba cha mizani ya zamani. Aliwekwa benchini nje na wachuuzi wawili waliokuwa wanagombea beseni, na wao wakaingia kabla yake. Alipoingia, Bwanausi alikuwa na kishikwambi mapajani, anakifuta kwa leso.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, injinia. Kimsingi nilikuwa nakutegemea."

"Mzee, wewe unamjua mama. Unajua yuko eda. Kwa nini ulimwekea tiki?"

"Ningefanyaje? Nilifika kizimbani, hayupo. Kisanduku chako kinaniuliza yupo au hayupo. Hakikuniuliza yuko wapi." Bwanausi alikunja leso vizuri. "Zamani, na kitabu changu cha kaunta, ningeandika pembeni: huyu amefiwa. Wewe mwenyewe ulikiona kile kitabu ukasema ni takataka, mbele ya wajumbe. Nikakitupa."

"Ungeniambia siku ya uzinduzi."

"Nilidhani unajua. Mtu anabonyeza kwa raha vile, nitajuaje kama hajui anachobonyeza?"

Mikdad alibadili sauti, akampaka mafuta. Alisema mzee ndiye baba wa soko, alisema marehemu Majid alimheshimu sana mzee. Bwanausi alisikiliza yote, akayapokea kama haki yake, kisha akafungua kishikwambi, akakiweka mbali na macho kama wafanyavyo wenye macho mabovu, akasoma polepole. Pingamizi lina muda mpaka Ijumaa saa tano. Ndani ya muda huo, mwenye kizimba, au mwenza wake, au mtoto wake wa kuzaa akikutwa kizimbani anafanya kazi, mstari unarejeshwa. Asipokutwa, hakuna rufaa.

"Nani kaweka masharti haya?" Mikdad aliuliza, na palepale akatamani asingeuliza.

"Chini hapa pana jina lako," alisema Bwanausi. "Mwenza wake kimsingi tumemzika. Kwa hiyo amebaki yeye, na wewe. Kuna bwana mmoja ana majokofu anakisubiri kwa hamu hicho kizimba, sikufichi. Lakini mtoto wa kuzaa akikaa pale hata nusu saa, mimi sina neno."

Mtu mwingine angetoka hapo akacheka. Dawa ilikuwa imepatikana, haina gharama, na kwa miguu ni karibu. Kukaa kwenye kigoda nusu saa, ukashika kijiko, ukageuza vibua. Mikdad alitoka na uso wa mtu aliyehukumiwa kifungo, na badala ya kwenda kununua mkaa, alikwenda msikitini kumtafuta shehe.

Alirudi nyumbani amechangamka. Alipiga hodi chumba cha ndani, akaingia, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Bi Mwaija alikuwa chini kwenye mkeka, amejifunika kanga nyeupe isiyo na maandishi, tasbihi mkononi. Kwa miezi hiyo miwili harufu ya mafuta ilikuwa imemtoka, na bila harufu hiyo alionekana mdogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Nimetoka kwa shehe. Anasema panapo dharura mjane anaweza kutoka mchana, mradi usiku alale nyumbani kwake. Kwa hiyo hakuna tatizo. Ijumaa asubuhi naita bajaji mpaka mlangoni, unajifunika vizuri, unakaa kizimbani kidogo, Bwanausi anakuona, unarudi. Hata eda haiharibiki."

Bi Mwaija alivuta punje mbili za tasbihi kabla ya kujibu. "Shehe kasema kweli. Sasa nieleze hiyo dharura yenyewe."

"Kizimba, mama. Si kinaondoka?"

"Kizimba nakijua. Nimekaa pale tangu hujazaliwa, nimekufundishia hapo kuhesabu. Nakuuliza dharura. Nyumba hii ina mwanamume mzima, ana miguu, ana mikono. Anaumwa?"

Mikdad alitazama kucha zake. "Mama, mimi siwezi kukaanga samaki."

"Huwezi au hutaki?"

"Ijumaa bosi anakuja na watu wa Mapinga. Wanakuja kuangalia kazi yangu. Wakinikuta pale na karai, watanionaje? Wewe fikiria tu, mama, watanionaje?"

"Watakuona mtoto wa Mwaija."

Mama yake alimwangalia, na kitu ambacho Mikdad hakuwahi kukiona katika uso ule kilipita pale. Hakikuwa hasira. Hasira alizizoea, zilikuwa zinakwisha na chakula cha jioni.

"Njaa ni dharura," alisema. "Maradhi ni dharura. Mimi kama ningekuwa sina mtu, ningetoka, na Mungu angenielewa. Lakini ninaye mtu, ila anaona haya. Haya zako si dharura, Mikdad. Sitoki kwenye eda ya baba yako kwa ajili ya haya zako."

"Kwa hiyo unakiacha kizimba kiende?"

"Mimi sikiachi. Mimi niko ndani. Wewe ndiye uliye nje."

Ijumaa asubuhi Mikdad alipotoka kuoga alimkuta Wijdan ameshika karai. Amefunga kanga kiunoni juu ya gauni, ushungi ameubana vizuri, na mkaa uko kwenye mfuko wa nailoni. Mikdad alikuwa amevaa shati la kampuni, lenye nembo kifuani, alilolipiga pasi jana yake mara mbili.

"Unakwenda wapi?"

"Sokoni."

"Nilikwambia nini? Na tena unajisumbua bure. Mkwe hahesabiwi."

"Najua. Nilikuwepo ulipocheka." Aliweka karai kichwani, akalisawazisha. "Mama kaniruhusu. Wewe hujaniruhusu, hilo nalo najua. Nakwenda kuwasha moto tu. Anayehesabiwa akija, atakuta mafuta yamechemka."

Akapita. Mikdad alibaki na taulo begani. Kwa dakika kadhaa alijaribu kumkasirikia mkewe na hasira zikakataa kupanda. Kisha akavaa viatu, kwa sababu wageni walikuwa njiani na aliyebaki nyumbani alikuwa mama yake, ambaye yeye hakuweza kumkabili.

Wijdan hakuwa mkaangaji. Aliviweka vibua kabla mafuta hayajapata moto vizuri, vikashika chini, ikabidi Esha atoke kwenye kizimba chake aje amwelekeze bila kusema neno la kumsema. Wakaanga wengine walimletea chumvi, wakamletea ndimu, mmoja akamwachia samaki wa mkopo. Kufika saa nne karai lilikuwa linaunguruma sawasawa na wateja wawili wamesimama. Ilikuwa mara ya kwanza moshi unatoka namba kumi na tisa tangu msiba.

Msafara ulitokea upande wa mizani. Mbele Bwanausi na kishikwambi, nyuma yake Walid na miwani yake, kisha mabwana watatu wa Mapinga waliokuwa wanaruka madimbwi ya maji ya samaki kwa uangalifu mkubwa. Mikdad alikuwa kati yao. Walikuwa wameshamsifu mara tatu, na kila mara alizidi kunyooka. Walid alikuwa ameshawaambia kwamba kijana huyu ndiye kichwa cha kampuni, na bwana mmoja alikuwa ameshamwomba namba ya simu.

Walisimama mbele ya namba kumi na tisa.

"Kimsingi hapa tuna pingamizi," Bwanausi aliwaeleza wageni. "Mstari umetolewa, lakini mfumo unatoa nafasi. Wewe binti, ni nani wa mwenye kizimba?"

"Mkwe wake," alisema Wijdan. Alikuwa anageuza samaki, na jasho lilikuwa linamtiririka shingoni.

"Mkwe hayumo. Panatakiwa mwenyewe, au mwenza, au mtoto wa kuzaa. Mtoto wa kuzaa yupo?"

Wijdan aliinua uso, akamtazama mumewe. Hakumwita. Alichukua kijiko kile kirefu, akakipangusa kwa pindo la kanga, akakiweka ukingoni mwa kizimba, mpini umeelekea upande wa nje. Kisha akasogea kidogo kwenye kigoda, pakapatikana nafasi ya mtu.

Soko halikunyamaza, soko la samaki halinyamazi. Lakini wakaanga wa mstari ule wote walikuwa wameacha kugeuza. Esha aliinamisha kichwa, kwa sababu kuna mambo ambayo mtu mzima haoni vizuri kuyatazama. Bwanausi naye, ambaye katika maisha yake hakuwahi kumwonea mtu huruma bila kuona faida, safari hii alimgeukia Mikdad na kumsogelea, na akasema kwa sauti ya chini, "Shika tu, kijana. Nitoe tiki, tuendelee na safari."

Walid alitabasamu bila kuelewa. "Vipi, Mikdad, unawafahamu hawa?"

Mkono wa Mikdad ulisogea. Wijdan aliuona, na Esha, aliyekuwa ameinama, aliuona pia. Ulifika usawa wa mkanda, halafu ukapanda juu ukagusa nembo ya kifuani, ukainyoosha.

"Hapana," alisema. "Mimi nimepita tu kuangalia mfumo unavyofanya kazi."

Bwanausi alimwangalia sekunde moja zaidi ya ilivyolazimu. Kisha akaweka kishikwambi mbali na macho, akatafuta mstari, akagusa.

"Hayupo," alisema.

"Safi sana," Walid aliwageukia mabwana wa Mapinga. "Mmeona wenyewe? Mfumo hauna upendeleo. Haujui mtu." Na mabwana wale walitikisa kichwa, wakasema kwamba hicho ndicho hasa wanachokosa kwao. Msafara ukasogea kizimba cha mbele. Nyuma yao Wijdan alikichukua kijiko chake, akaendelea kugeuza mpaka samaki wote wakaiva, kwa sababu walikuwa wa mkopo na wangeungua.

Mikdad alirudi nyumbani alasiri. Alikuwa na habari nzuri, na njia nzima alikuwa anazipanga: kazi ya Mapinga ni yake, wamepeana mikono, kwa kazi hiyo atamjengea mama kibanda chake mwenyewe, cha vigae, si lazima awe chini ya kamati ya washenzi. Alikuwa amepanga pia namna ya kueleza lile lingine. Alikuwa na hakika mama yake akielezwa vizuri ataelewa, kwa sababu siku zote alikuwa ameelewa.

Alimkuta mama yake sebuleni. Hakuwa ametoka nje ya nyumba, amekaa tu kwenye mkeka na Wijdan, sinia la wali katikati yao na samaki waliobaki. Wijdan alikuwa na alama nyekundu ya mafuta kwenye kiganja, na Bi Mwaija alikuwa anaipaka asali kwa kidole. Mikdad alivua viatu, akaenda kukaa mahali pake pa kila siku, upande wa kulia wa mama yake.

"Ah, hapana, usikae chini," alisema Bi Mwaija. Sauti yake ilikuwa laini, yenye adabu zote. "Wijdan, mwanangu, mpe mgeni kiti."

Mikdad aligeuka kutazama mlangoni, amwone huyo mgeni. Hapakuwa na mtu. Wijdan alishainuka, akaleta kiti, akakipangusa, akakiweka mbele yake. Akaleta bilauri ya maji juu ya kisahani. Akaleta maji ya kunawa na taulo safi, akamshikia beseni, macho ameyateremsha kama inavyotakiwa kwa mtu usiyemzoea.

"Mama," alisema Mikdad.

"Karibu sana, baba. Utatuwia radhi, chakula chenyewe ni hiki hiki. Hatukuwa na taarifa." Bi Mwaija alichukua sahani ya peke yake, ile yenye maua inayotolewa kabatini watu wa mbali wakija, akaipakulia wali, akachagua samaki mkubwa kuliko wote, akamweka juu. "Kula, usione haya. Ukishiba utatuambia kama unaendelea na safari au unalala."

"Mama, mimi Mikdad."

"Alhamdulillahi. Jina zuri," alisema Bi Mwaija, akamnyooshea sahani kwa mikono miwili.

Aliipokea. Alikaa kwenye kiti, juu, peke yake, na wale wawili wakarudi kula kwenye sinia lao. Alikula mpaka akamaliza, na hakuna aliyemwambia aongeze.